Mawazo mengi: namna ya kuyapunguza katika maisha ya kila siku

Mazungumzo na familia zilizohama, familia zinazozipokea na viongozi wao



Tunawashukuru kwa kuacha shughuli zenu asubuhi hii. Tunajua kwamba saa moja ya kukaa hapa ni saa moja ambayo mngekuwa mnatafuta chakula cha jioni. Kwa hiyo hatutaongea sana, na mama aliyeacha sufuria motoni asione haya kuondoka.

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo karibu kila mmoja wetu analo, lakini wachache wanalitaja. Wengine wanaliita stresi, kama walivyosikia kwenye redio. Wengine wanasema tu, "Niko na mawazo mengi." Usiku usingizi haufiki. Moyo unadunda bila sababu. Kichwa kinauma, tumbo linakaza, hata sombe nzuri haina ladha mdomoni. Mtu anaingia ndani kutafuta kitu na kusahau anatafuta nini. Tena hasira inakaa karibu, kama moto uliofunikwa na majivu.

Tuanze na kisa cha bidoni moja.

Mwaka 2023, katika kambi moja karibu na Goma, akina mama wawili waligombana kwenye bomba la maji. Bidoni ya lita 20 ilikuwa imesogezwa mbele nafasi moja tu. Mmoja akasema neno, mwenzake akajibu kwa kutaja kijiji alikotoka yule wa kwanza na watu wa kijiji hicho. Saa sita mabwana zao walikuwa wameingia. Jioni vijana wa pande mbili walikuwa wameshika fimbo.

Sisi tuliitwa kusaidia. Tulifika na maneno mazuri juu ya amani, upendo na kuvumiliana. Watu walitusikiliza kwa adabu, hata wakapiga makofi. Kesho yake wakagombana tena, kwenye bomba lilelile.

Ndipo mzee mmoja alituuliza kama tumewauliza wale akina mama hali zao. Hatukuwa tumewauliza. Tulipokaa nao, kila mmoja peke yake, tulikuta kwamba wa kwanza hakuwa amelala siku tatu kwa sababu mtoto wake alikuwa na homa. Wa pili alikuwa ameambiwa kwamba jina lake haliko kwenye orodha ya unga, kisha mtu mwingine akamwambia liko, kisha wa tatu akasema orodha yenyewe imebadilishwa. Wiki nzima alikuwa akizunguka na swali hilo. Bidoni ilikuja juu ya mzigo uliokuwa tayari kichwani.

Ugomvi ule ulipungua kwa namna ambayo hatukuitegemea. Kamati ya maji ilipanga mawe chini kuonyesha mstari, na kila bidoni ikakaa kwenye jiwe lake. Saa za kufungua bomba zikajulikana. Mkubwa wa kambi akasoma orodha kwa sauti mbele ya watu wote. Mawe tu, na sauti ya mtu mmoja. Mawe ya volkano, mnajua, ndiyo kitu pekee ambacho Goma hatujawahi kukosa.

Sasa tuseme kidogo namna mwili unavyofanya kazi. Mungu alipotuumba, au mkipenda semeni maumbile, alitutia mlinzi ndani. Hatari ikija, mlinzi huyu anapiga kengele: moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, damu inakwenda kwenye miguu na mikono ili tukimbie au tupigane. Tumbo linaacha kazi yake kwanza, maana si wakati wa kula. Huyu mlinzi ni mzuri. Wengi wenu mko hai kwa sababu yake.

Shida ni kwamba hajui kupumzika akiwa ameogopeshwa mara nyingi. Mnakumbuka Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Baada ya moto kusimama, ardhi iliendelea kutetemeka siku nyingi, na tarehe 27 sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuondoka. Watu walikwenda Sake, Minova, wengine Rwanda. Tuliporudi na ardhi ilipotulia, je, sisi tulitulia? Gari kubwa likipita, sote tulikuwa tunashika ukuta. Mtoto akiangusha sahani, mama anaruka. Ardhi ilikuwa imenyamaza, lakini ndani yetu ilikuwa bado inatetemeka. Hakuna aliyeturoga. Hakuna aliyekuwa mwoga. Mlinzi alikuwa bado kazini.

Basi fikirini juu ya mtu ambaye hakupata nafasi ya kutulia. Kuna kati yenu waliotoka Rutshuru au Masisi, wakakaa Kanyaruchinya, Bulengo au Lushagala chini ya shitingi, na kambi zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025 wakafunga mizigo tena. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya milioni 7 waliohama ndani ya Kongo. Kwa hiyo mtu anayeshtuka usiku asijione wa ajabu.

Mara nyingi tunadhani kwamba mawazo haya yote yanatoka kwa yale tuliyoyaona vitani. Yanatoka huko, ni kweli. Lakini wataalamu wawili, Kenneth Miller na Andrew Rasmussen, waliandika mwaka 2010 kwamba kwa watu waliopitia vita, matatizo ya kila siku yanabeba sehemu kubwa ya mateso ya moyo: kukosa chakula, kubanana ndani ya nyumba, kutengwa na jamaa, kutokujua kesho. Hili linatupa kazi. Vita hatuwezi kuvisimamisha sisi tulio katika ua huu. Mstari wa bomba tunaweza kuupanga.

Mtu mmoja mmoja afanye nini? Tutasema machache ambayo tumeyajaribu wenyewe.

Pumzi kwanza. Mlinzi yule hasikii hotuba, ila anasikia pumzi. Vuta hewa polepole kwa pua ukihesabu mpaka tatu, kisha iachie polepole zaidi, mpaka tano au sita. Fanya hivyo mara kumi. Fanya ukiwa umesimama kwenye mstari wa maji, hakuna atakayejua. Fanya hasa kabla ya kumjibu mtu aliyekukasirisha.

Pili, kazi ya mikono yenye mwanzo na mwisho. Kusuka mkeka, kupepeta maharage, kupanda lenga-lenga kwenye gunia lenye udongo, kutengeneza chukudu ya jirani. Tuliona baba mmoja aliyekuwa mkulima wa viazi huko kwao. Hapa alikuwa anakaa tu mbele ya mlango akiangalia barabara, na kila jioni alikuwa anagomba. Alipopewa gurudumu la chukudu kulichonga, hakupata pesa nyingi, lakini watoto wake walisema baba amerudi.

Tatu, pombe. Hapa tutasema wazi, hata kama wengine watakunja uso. Kanyanga inaleta usingizi saa mbili, kisha inakuamsha saa nane ya usiku na mawazo yaleyale, na pesa ya unga imekwisha. Hatujaona familia hata moja ambayo mzigo wake ulipungua kwa njia hiyo.

Kisha kuna watoto. Mtoto anayekojoa kitandani wakati alikuwa ameacha, anayeng'ang'ania nguo ya mama, anayecheza mchezo wa vita kutwa nzima, si mtoto mbaya. Mlinzi wake mdogo naye anafanya kazi. Akipigwa, kengele inazidi kulia. Kinachomtuliza ni mambo yanayorudi kila siku kwa namna ileile: saa ya kuoga, hadithi jioni, wimbo wa kumlaza. Hata kama ni nyumba ya watu, hata kama chakula ni kimoja kwa siku, kitolewe saa moja inayojulikana. Na tukimpiga kwa hasira, maana inatokea, turudi kwake tumwambie tumekosea. Mzazi hapotezi heshima kwa hilo.

Juu ya kuzungumza na wengine, tuna jambo la kuongeza. Kuzungumza kunasaidia, lakini msimlazimishe mtu kusimulia yaliyompata. Kaa naye, mpe maji, sikiliza akitaka, nyamaza akinyamaza, na ulichosikia kiishie kwako. Mwaka 2013 ulitolewa utafiti uliofanywa katika vijiji vya mashariki mwa Kongo pamoja na akina mama waliofanyiwa ukatili wa kingono. Waliokutana katika vikundi, wiki baada ya wiki, wakiongozwa na wasaidizi wa hapahapa waliofundishwa vizuri, walipata nafuu kubwa kuliko wale waliosaidiwa bila vikundi hivyo. Wasaidizi hao hawakuwa madaktari. Tunalisema hili kwa sababu watu wengi wanangojea mgeni kutoka mbali aje na dawa ya moyo.

Lakini kuna hali ambayo haingojei kikundi. Mtu akisema anataka kufa, au akiacha kula na kuoga kwa siku nyingi, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, msimwache peke yake na msimfunge kamba. Mpelekeni kituo cha afya, mtu anayemwamini akiwa pamoja naye. Huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa.

Sasa tugeuke kwa ninyi viongozi. Mtatuvumilia, maana hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Kiongozi mwenye habari na asiyesema anaongeza mawazo ya watu mia. Tunajua kwa nini mnanyamaza. Mnaogopa kusema jambo ambalo litabadilika kesho na watu wawaite waongo. Mara nyingine, tuseme kweli, habari ni nguvu, na si kila mtu anapenda kugawa nguvu yake. Lakini mahali ambapo kiongozi amenyamaza, uvumi unasema. Uvumi una miguu myepesi kuliko chukudu inayoteremka mlima. Asubuhi ni "labda tutahamishwa", saa sita ni "tunahamishwa kesho", jioni watu wameuza sufuria zao kwa nusu ya bei. Tumeliona hilo kwa macho yetu.

Tunawaomba mjaribu hivi kwa mwezi mmoja. Chagueni siku moja na saa moja ya kila wiki, mahali pamoja, mzungumze na watu. Semeni tunayoyajua. Semeni tusiyoyajua bado. Semeni ni lini tutawaambia tena. Hata kama hakuna jipya, njooni mseme hakuna jipya. Mtu anaweza kubeba habari mbaya. Mfuko asioujua una nini ndani unamlemea zaidi. Orodha zisomwe kwa sauti, na asiyeona jina lake ajue anamwendea nani. Hakikisheni akina mama wanaisikia, maana mikutano mingi inafanyika saa ambayo wao wako majini au sokoni.

Tena msisahau familia zilizowapokea watu. Nyumba ya vyumba viwili sasa ina watu kumi na wanne. Mwenye nyumba naye halali. Choo kinajaa, makala yanakwisha, na mgeni anaona haya kuomba chumvi kwa mara ya tatu. Tumeona familia zilizokaa chini wiki ya kwanza kabisa na kupanga nani anapika lini, nani analeta maji, watoto wanalala wapi, na nani wa kuambiwa mtu akikwazika. Tumeona pia zilizoona haya kupanga, kwa sababu ya heshima. Zile za pili ndizo zilizotuita usiku.

Na ninyi viongozi mnalala? Kila mtu anawaletea shida zake, na ninyi mnazipeleka kwa nani? Kiongozi aliyechoka anaamua vibaya, anapiga kelele, anapendelea. Tafuteni mwenzenu wa mtaa mwingine, mkutane mara moja kwa wiki bila ajenda. Sisi wa timu hii tunafanya hivyo kila ijumaa, na kuna ijumaa ambazo tunakunywa chai tu na kunyamaza.

Kabla hatujaachana, tusimame wote kwa dakika tatu. Tutafanya zoezi linalofanana na lile lililo katika kitabu cha Shirika la Afya Duniani, OMS, cha mwaka 2020. Masomo yake yalijaribiwa nchini Uganda na akina mama karibu 700 waliokimbia kutoka Sudani Kusini, na yaliwapunguzia mahangaiko.

Kanyageni chini kwa nguvu kidogo. Sikieni jiwe au udongo chini ya miguu. Nyoosheni mikono juu, ishusheni. Vuteni pumzi polepole, iacheni polepole zaidi. Sasa angalieni na mtaje moyoni vitu vitano mnavyoviona hapa. Sikilizeni sauti tatu. Shikeni kiganja kwa kiganja kingine. Mawazo bado yapo, hayakuondoka. Lakini na ninyi mpo, hapa, asubuhi hii, na miguu yenu iko chini.

Wanaotaka kwenda, waende kwa amani. Wale wa kamati ya maji na viongozi wa mitaa tunawaomba mbaki kidogo, tupange pamoja saa za bomba na siku ya kusoma orodha. Mawe tayari yako pale nyuma ya ukuta.