KUITENGENEZA UPYA INJINI YA MASHINE YA CHAMA
Mazungumzo mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi



Nimetakiwa niseme juu ya injini ndogo za dizeli zinazoendesha mashine zetu za kusaga nafaka, na namna ya kuzitengeneza upya ili ziwe imara na zenye nguvu. Naomba nianze na hilo neno "nguvu", maana ndilo linalotupotezea fedha.

Katika chama kimoja nilichokitembelea, wanachama walikuwa wamelalamika kwamba mashine imekuwa nzito. Kamati ikamwita fundi. Fundi akakaza springi ya gavana, injini ikalia kwa kasi, unga ukatoka kwa wingi, naye akalipwa siku ile ile. Wiki ya tatu haikwisha, konrodi ikakatika na kutoboa ubavu wa injini. Akina mama waliokuwa kwenye foleni walikimbia wakaacha madebe yao. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeumia. Msimu mzima wanachama wakabeba mahindi kwenda kusaga kwa mtu binafsi.

Injini ile ilikuwa imepungukiwa na mgandamizo. Injini ya dizeli haina plagi. Hewa hubanwa ndani ya silinda hata ikapata joto la kuiwasha dizeli. Hewa ikivuja, dizeli haiungui yote, moshi hutoka mweusi na kazi hupungua. Kuongeza mwendo hakuzibi mvujo huo.

Chukueni mfano wa Lister 6/1, injini ambayo wengi wetu tunaijua, yenyewe au zile zilizotengenezwa India kwa mfano wake. Ina silinda moja, upana milimita 114.3 na mwendo wa pistoni milimita 139.7. Inatoa nguvu za farasi 6 kwa mizunguko 650 kwa dakika. Mkiikimbiza kwa mizunguko 850, mwendo umezidi kwa kiasi kisichofika theluthi. Lakini nguvu inayovuta gurudumu lile zito lipasuke imezidi kwa asilimia 71, kwa kuwa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Gurudumu ni chuma cha kusubu, na chuma cha kusubu hakitoi onyo. Akija mtu anataka kinu kiende upesi zaidi, na azungumze habari ya pulei, tena kwa kadiri kinu chenyewe kinavyoruhusu.

Sasa tuingie kazini. Kabla ya kufungua hata nati moja, zimeni dizeli, mzungushe gurudumu kwa mkono mpaka likutane na mgandamizo. Injini nzima hulirudisha nyuma kama mpira. Iliyochoka hulipitisha taratibu, na ukitega sikio utasikia hewa inapopotelea: kwenye bomba la moshi, ni valvu, ndani ya kreki kesi, ni ringi au silinda.

Valvu husagwa kwa dawa yake mpaka zikae sawa. Chora mistari ya penseli kuzunguka uso wa valvu, uizungushe kidogo kitini pake. Ikiwa mistari yote imefutika mahali pamoja, imekaa.

Silinda huliwa zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeuzia mwendo. Kwa hiyo ipimwe juu, katikati na chini, tena kwa pande mbili. Kutia ringi mpya katika silinda iliyoliwa ni kuwaibia wanachama. Nafasi ya ncha za ringi hupimwa ndani ya silinda yenyewe. Kwa upana huu hukaribia milimita 0.4. Ikibana mno, ncha zitagusana injini ikipata joto, na ringi itavunjika.

Nafasi kati ya pistoni na kichwa cha silinda yastahili uangalifu mwingi, kwa sababu mafundi hubadili gasketi bila kuipima. Weka kipande cha waya wa risasi juu ya pistoni, funga kichwa, zungusha kwa mkono, kisha fungua na upime unene uliobaki. Ulinganishe na kitabu cha mtengenezaji. Nafasi ikizidi, mgandamizo haupo, hata vyote vingine viwe vipya.

Nozeli ijaribiwe kwenye pampu ya kupimia. Asiweke mtu mkono mbele yake. Dizeli ile hupenya ngozi, na aliyepenywa apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama kidonda ni kama cha sindano.

Ndugu makatibu, sehemu yenu ni daftari. Andikeni kila siku saa za kazi, lita za dizeli, oili iliyoongezwa na madebe yaliyosagwa. Dizeli kwa kila debe ikipanda mwezi baada ya mwezi, injini imekwisha kusema. Na fundi alipwe baada ya kukabidhi vipimo kwa maandishi pamoja na vipuri vya zamani vyote. Vikae ghalani mpaka mkutano mkuu uvione.

Injini ikishafungwa, msiiache inguruma bure kutwa nzima. Ringi mpya hukaa vizuri zikipata kazi. Saa za kwanza isage nusu ya mzigo, kisha mwongeze kidogo kidogo. Oili ya kwanza mwageni mapema, mkaichuje kwa kitambaa cheupe, mtazame kilichobaki.