Injini ya Akiba



Mmenitaka nieleze injini za ayoni. Injini hiyo huipa gesi ya zenoni chaji ya umeme, kisha huirusha nje kwa kasi kubwa. Msukumo wake ni kama uzito wa karatasi mbili mkononi, lakini huweza kuendelea kwa miezi. Adui yake ni kuchakaa: chembe za gesi hiyo hugonga chuma cha ndani na kukila kidogo kidogo.

Mwaka 1998 Wamarekani walirusha chombo cha Deep Space 1. Injini yake ya akiba ilibaki duniani, ikaendeshwa ndani ya tangi lisilo na hewa kwa saa 30,352, hadi mwaka 2003. Ilipofunguliwa, mafundi waliona palipolika. Katika chombo cha Dawn, kilichorushwa mwaka 2007, kipande kimoja kilicholika sana, cha molibdeni, kiliundwa kwa tantali. Injini zake zilisukuma kwa jumla ya karibu miaka sita.

Wenzangu wengi mlikwenda mbali. Mimi nilibaki hapa kufundisha fizikia. Tangu niisome habari hiyo, sioni haya tena. Vijana, atakayebaki nyuma afanye kazi, wala asifiche palipolika.