Insulini Kutoka kwa Bakteria: Kazi Inayobaki Baada ya Kupandikiza Jeni

1. Utangulizi



Mwaka 1922, mjini Toronto, kijana Leonard Thompson alichomwa sindano ya insulini, akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa kwa dawa hiyo. Kwa miaka 60 hivi iliyofuata, insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe zilizokusanywa machinjioni. Siku hizi huzalishwa na bakteria na hamira. Hoja yangu ni moja: kupandikiza jeni ni hatua ya mwanzo tu, protini huwa dawa pale inapokunjwa sawasawa na kusafishwa.

2. Jinsi ilivyofanyika

Insulini ya binadamu ina minyororo miwili: A wenye asidi amino 21 na B wenye 30. Mwaka 1978 watafiti wa Genentech na City of Hope, huko California, waliunda jeni ya kila mnyororo kwa njia ya kemia, wakaiingiza katika plasmidi, kisha katika bakteria aina ya Escherichia coli.

Protini fupi huvunjwa upesi na vimeng'enya vya bakteria. Kwa hiyo kila mnyororo uliunganishwa na protini kubwa ya bakteria mwenyewe ili ulindwe. Kwenye kiungo waliweka methionini, asidi amino ambayo haimo kabisa katika insulini. Sianojeni bromidi hukata penye methionini, basi kila mnyororo ulitoka mzima, kisha miwili hiyo ikaunganishwa kuwa insulini. Insulini hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1982, ikauzwa na Eli Lilly kwa jina la Humulin.

3. Ugumu ulipo

E. coli akistawi vizuri hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Hata hivyo, kuna ugumu wa aina tatu. Kwanza, protini inayozalishwa kwa wingi mara nyingi hujirundika ndani ya seli kama vibonge visivyoyeyuka. Ni lazima viyeyushwe, protini ikunjwe upya, na viungo vitatu vya salfa vya insulini vikae mahali pake.

Pili, ukuta wa bakteria huyu una endotoksini. Kiasi chake kidogo kikiingia kwenye damu huleta homa, na kikizidi huweza kuua. Tatu, E. coli wa kawaida hapachiki sukari kwenye protini kama seli zetu zifanyavyo. Ndiyo maana erithropoietini, homoni inayohitaji sukari hizo ili ifanye kazi mwilini, huzalishwa katika seli za mamalia.

4. Mapendekezo

(a) Mafunzo ya bioteknolojia yasiishie kwenye kupandikiza jeni. Mwanafunzi akunje protini, aisafishe na kuipima kwa mikono yake.

(b) Wanabiolojia, wafamasia na wahandisi wafundishwe pamoja, kwa kuwa dawa hii huhitaji ujuzi wa wote watatu.

(c) Upimaji wa endotoksini upewe uzito uleule unaopewa wingi wa mavuno.

Mgonjwa hujidunga kile kilichomo kwenye chupa. Tuwafundishe vijana wetu kuwajibika kwa chupa hiyo.