Vijana Wetu na Elimu ya Nafsi



Wahenga walinena: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini katika mwambao wetu huu yako yaliyopita ambayo yangali ndwele. Aprili 1972 fujo ilizuka hapa Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa. Yakafuata mauaji makubwa zaidi nchini, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania. Mwaka 1993 vita vikatukuta tena. Wengi waliorejea walikuta mashamba yao yana wenyewe wengine. Leo aliyekimbia na aliyebaki husimama safu moja ya sala, na kila mmoja ana usiku wake asiousimulia.

Hayo si upungufu wa imani. Nabii Yakubu, amani iwe juu yake, alimlilia Yusufu hata macho yake yakaingia weupe, na unabii wake haukupungua.

Dawa ipo. Katika tiba moja mgonjwa hutandaza kamba, akaweka jiwe penye msiba na ua penye furaha, kisha husimulia maisha yake kwa taratibu tangu kuzaliwa. Huko Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwatibu wenzao. Wagonjwa 277, Wanyarwanda na Wasomali, walihusika, na matokeo yakatangazwa 2008: waliotibiwa hivyo, kama 7 katika 10 hawakuwa tena na maradhi yale, wasiotibiwa hawakufika 4 katika 10.

Na kwetu Burundi, mwaka 2015, Anselm Crombach na Manassé Bambonyé, huyu wa pili wa Chuo Kikuu cha Lumière cha Bujumbura, walieleza kuwa aliyeteswa utotoni yu karibu zaidi kuwatesa wanawe na mwenziwe wa ndoa. Basi hasira ya zamani yaweza kumpiga mtoto aliyezaliwa juzi.

Kwa hiyo nawasihi wazazi: kijana wa kike au wa kiume akitaka kusoma elimu hii, msimwambie kuwa ni kazi ya wendawazimu. Mwanafunzi hakabidhiwi mgonjwa siku ya kwanza. Huanza kwa kutafsiri maswali katika Kirundi na Kiswahili, kuandika majibu na kuyahesabu, chini ya mwalimu wake. Nani atauliza kwa lugha ya nyumbani kwetu, ikiwa watoto wetu hawamo?

Nanyi vijana, siri ya mtu ni amana. Asiyetaka kusema asilazimishwe, na jina lake lisitajwe.

Wako wanaohofu ghiba. Wanavyuoni wamebainisha kwamba aliyedhulumiwa akimweleza dhuluma yake awezaye kumsaidia, hana lawama.

Mwenyezi Mungu aponye vifua vyetu, na awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.