Neno la Katibu: Nafasi Yako Ingalipo

Katika miaka hii 25 tumeimba mengi. Leo tunakiri moja. Tuligombania pesa za kurekodi, baadhi yetu tukazitumia. Sauti ya tatu na ya nne tukaacha kusalimiana, lakini kila Jumapili tuliimba kuhusu rehema.

Ndipo tukasoma Yohana 21. Petro alikuwa amemkana Bwana mara tatu. Kando ya ziwa, Bwana alimlisha samaki kwanza, akamuuliza mara tatu kama anampenda, kisha akamkabidhi kondoo wake. Tulilia. Tukaombana msamaha, pesa zikarudishwa.

Ndugu yetu uliyeondoka wakati ule kwa aibu, Mungu hajakuchoka, nasi pia. Mazoezi ni Jumamosi. Karibu nyumbani.