Ganda la Risasi Mkononi mwa Mtoto
(Mazungumzo na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, Kihurio)



Wiki moja kabla ya Pasaka akina mama wetu walikuwa uani wakisugua vinara vya altare kwa ndimu na majivu, kama desturi. Mvulana mmoja wa shule ya msingi alisimama akiwatazama, kisha akatoa mfukoni kitu kinachong'aa kuliko vinara vyote. “Shikamoo Padre,” akasema, “na mimi najua kusugua.” Kilikuwa ganda la risasi. Alinieleza kwamba kuna mtu apitaye kijijini anayenunua maganda hayo, na yaliyosafishwa huyalipia zaidi.

Nilipouliza kwa upole huku na huku, niligundua kuwa baadhi yetu tulijua. Tulidhani ni biashara ya vyuma chakavu tu. Huenda kwa mengine ni hivyo. Lakini mnunuzi wa vyuma chakavu hupima kwa mizani. Hana haja na mng'ao. Anayetaka ganda moja moja, safi, lisilobonyea mdomo, yampasa kuulizwa anakwenda kulifanyia nini.

Ganda la risasi hutengenezwa kwa shaba ya manjano, kwa kawaida sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Risasi ikishapigwa, kichwa huenda zake, baruti huungua, fataki huharibika. Ganda hubaki, na laweza kutiwa fataki mpya, baruti na kichwa kingine. Huko Marekani na Ulaya walenga shabaha hufanya kazi hiyo kwa mujibu wa sheria za nchi zao. Husafisha maganda katika mashine izungukayo iliyojaa magunzi ya mahindi yaliyosagwa, au maganda ya jozi. Nao hawasafishi kwa ajili ya urembo: mchanga hukwaruza mtambo na bunduki, na uchafu huficha ufa. Ganda lililochoka hupasuka shingoni, au hukatika karibu na kitako, na moto ukamrudia mpigaji usoni. Kwa hiyo wanaoijua kazi hulitupa ganda lenye dalili hiyo, hata likiwa linang'aa kama dhahabu.

Shaba hii ina adui asiyeonekana: amonia, ile harufu kali ya mkojo zizini. Katika karne ya 19 jeshi la Waingereza nchini India lilihifadhi risasi karibu na farasi wakati wa masika, na maganda yakapasuka yenyewe. Nasi maganda yetu twayaweka wapi? Mvulana yule aliyaficha katika banda la mbuzi.

Lakini kilichoninyima usingizi ni vumbi. Lugha yetu huiita risasi ile ipigwayo, na huyaita risasi hata yale madini mazito yaliyomo ndani yake. Kwa jambo hili ilisema kweli. Fataki nyingi huwa na kiungo cha madini hayo, na masizi yake hubaki ndani ya ganda. Mtoto hulisugua kwa kidole, hulipuliza, kisha hula ugali. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na hasara kubwa iko katika ubongo wa mtoto. Akina mama, yale majivu yaliyosugulia maganda yasirudi jikoni.

Maganda yenyewe hutoka wapi? Twaishi ukingoni mwa Mkomazi: pori la akiba tangu 1951, Hifadhi ya Taifa tangu 2008. Mwaka 1997 vifaru weusi waliletwa humo kutoka Afrika Kusini. Nayajua machungu yetu: wafugaji walioondolewa mwaka 1988, tembo wanaoingia mashambani. Machungu hayo tuyapeleke wazi mbele ya wakubwa. Tume hii ipo kwa ajili hiyo. Tusiyapeleke gizani kwa mtu mwenye bunduki isiyo na kibali.

Mengine ni ya kale. Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliteremka kando ya milima yetu yakiwafuata askari wa Wajerumani, na huko Taita, ng'ambo ya mpaka, maganda ya vita ile yangali yakiokotwa. La kale au jipya, lenye kichwa bado lisisuguliwe wala kusogezwa motoni. Liachwe palipo, aitwe polisi.

Msidhani kwamba ganda tupu si kitu mbele ya sheria. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha imeyataja maganda, fataki na baruti katika maana ya risasi, pale nchi inapovitakia kibali. Nao Umoja wa Afrika, tangu 2017, umeutenga mwezi wa Septemba kuwa wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu.

Naomba kila mwenyekiti wa jumuiya aulize nyumba kwa nyumba, bila kumtisha mtoto yeyote. Tutakachopata tukipeleke pamoja, watu wazima mbele, kwa mwenyekiti wa kijiji na kituo cha polisi. Jina la mtoto lisitajwe hadharani.

Mvulana yule aliniuliza ni nani sasa atakayemlipa, kwa kuwa fedha ile ilikuwa ya daftari. Tangu hapo kila Jumamosi anasugua vinara, naye hupata daftari lake. Wako wengine watatu niwajuao, na vinara tunavyo viwili tu.