Saa 400 Zisizo na Stakabadhi

Maneno ya ofisi ya mhazini katika harambee ya mwaka, Tabata, Dar es Salaam

Asanteni kwa kuvumilia foleni ya Barabara ya Mandela mpaka kutufikia hapa Tabata. Taarifa ya mapato na matumizi mnayo mkononi, hatutawasomea mstari kwa mstari. Mabati yamefika, saruji imefika, salio lipo benki. Wale ambao ahadi zao za mwaka jana bado ni ahadi, tumewaona mmekaa, karibuni sana.

Tunaomba tuseme juu ya kitu ambacho hakimo katika taarifa hiyo.

Kule nyumbani, katika chuo ambacho wengi wenu mna watoto, yupo kocha wa riadha asiyelipwa hata shilingi. Hataki jina lake litajwe. Alikuwa akikimbia mbio za barabarani huko Ulaya, na hela ilitegemea nafasi aliyomaliza. Goti lilipokataa alirudi, akajenga, akalima. Sasa ni mwaka wa tatu anawafundisha wanachuo kukimbia: asubuhi tano kwa wiki, saa mbili kila asubuhi, katika baridi ile ya Mbulu mnayoijua. Kwa wiki 40 za masomo, hizo ni saa 400 kwa mwaka. Fundi mwashi akitufanyia saa 400 tunamlipa, anasaini, tunaingiza kwenye leja. Za huyu hazina stakabadhi, basi sisi wa hesabu tukaziona kama hazipo.

Mwaka jana liliandikwa ombi: nauli ya kuwapeleka wanariadha Arusha kwenye mashindano, na viatu. Tulilikata. Tuliandika pembeni kwamba si mradi wa maendeleo. Mwandiko ule ni wa ofisi yetu, hatuwezi kumsingizia mtu. Kocha alitoa nauli mfukoni mwake, wakaenda wanne badala ya kumi na wanane.

Ndugu zetu, sisi ndio wa kusema hivyo? John Stephen Akhwari ni wa Mbulu. Mwaka 1968, kule Mexico, alianguka katika marathoni, goti likaumia, akafungwa bandeji akamaliza wa mwisho, na dunia ikajua jina la nchi yetu. Filbert Bayi ni wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo mpaka mwisho, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1980 akaleta medali ya fedha kutoka Moscow, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui akaleta nyingine ya mita 5,000.

Tena Bayi hakuishia kwenye medali. Yeye na mkewe walianzisha shule. Ukitoka hapa Tabata ukashika Barabara ya Morogoro, utaikuta Kimara, na nyingine mbele, Mkuza, Kibaha. Mkimbiaji akiacha mbio bado ana mali kichwani: anajua mwili unavyopangiwa mazoezi, lini upumzike, mshindani asomwe vipi. Mali hiyo ipo kwetu, inatolewa bure, nasi tumeinyima nauli.

Kocha haombi mshahara, tulipompigia alicheka. Anaomba jozi 18 za viatu, nauli ya safari mbili za Arusha, na saa ya kupimia, maana yake imekufa. Kamati imekubali jambo hili liwe na fungu lake katika bajeti. Fungu limeshafunguliwa, halina kitu.

Daftari la ahadi liko kwetu, meza ya karibu na mlango. Saizi za viatu tumezibandika ukutani. Atakayenunua jozi nzima aweke alama mbele ya saizi yake, tusije tukapeleka saba zote namba 42.